Sakafu za Ballyfin

Ukivuka kizingiti cha Ballyfin, jumba la kale la Ireland, unachokanyaga ni Roma. Sakafu ya ukumbi wa kwanza ni mozaiki iliyosafirishwa kutoka mji huo mwaka 1822, nyumba yenyewe ikiwa bado inajengwa. Tangu hapo imekanyagwa na watu wa kila namna: mabwana waliorudi kuwinda, watumishi waliobeba ndoo za makaa, watawa, wavulana wa shule wenye matope viatuni, na siku hizi wageni wa hoteli. Ukutani zimetundikwa pembe za yule kulungu mkubwa aliyetoweka katika kisiwa hiki zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Pembe za namna hiyo hufukuliwa kwenye vinamasi vya mboji, na upana wake huweza kupita mita 3.

Dada yangu alisimama, akatazama chini, akavua viatu. Hakuna aliyemwambia. Kijana aliyetupokea alitaka kumzuia, kisha akaacha, akasema tu kwamba vyumba vya mbele vina mbao, na mbao ni afadhali kwa miguu mitupu.

Tulikuwa tumetoka Portlaoise, mji ambako dada yangu ni muuguzi, saa moja hivi kwa treni kutoka Dublin. Kutoka pale hadi Ballyfin ni mwendo mfupi wa gari, kati ya malisho ya ng'ombe na nyua za miiba, milima ya Slieve Bloom ikiwa imelala kwa mbali upande wa magharibi. Miaka yote aliyokaa kaunti ya Laois hakuwahi kuona zaidi ya lango la hoteli hii, kwa sababu haingii ila aliyelipia chumba, na usiku mmoja unapita euro 1,000. Alipotimiza miaka 50 aliamua kujizawadia usiku huo, akanichukua mimi kwa kuwa kazi yangu, huko Lamu na Malindi, ni kupanga mambo ya ndani ya nyumba za zamani zinazogeuzwa kuwa za wageni. "Mimi nitalala, mdogo wangu," alisema. "Wewe tazama kuta, asubuhi unieleze."

Sikulala sana.

Yapo mambo ya kujua kabla ya kusifu. Mwaka 1556, katika enzi ya Malkia Mary wa Uingereza, ardhi ya huku ilinyang'anywa koo za Kiayalandi, hasa ukoo wa O'More, ikagawiwa walowezi. Kaunti ikaitwa Kaunti ya Malkia, na mji wake mkuu, hiyo Portlaoise ya leo, ukaitwa Maryborough. Majina hayo yalidumu mpaka Ireland ilipojitawala katika miaka ya 1920. Mkenya hahitaji kuelezwa mlowezi ni nani. Sir Charles Coote wa kwanza alikuja kama askari wa Kiingereza, akatunukiwa cheo cha baroneti mwaka 1621, na Waayalandi wanamkumbuka mpaka leo kwa ukatili wake katika vita vya 1641. Karibu miaka 200 baadaye, mzao wake, baroneti wa 9, alilinunua shamba la Ballyfin kutoka kwa William Wellesley-Pole, nduguye Duke wa Wellington, akaibomoa nyumba iliyokuwepo na kusimamisha hii. Wasanifu wake walikuwa baba na mwana, Richard na William Morrison, waliokuwa na sifa kubwa Ireland wakati huo.

Nje, nyumba ni ya mawe, nzito, imejitenga na mtu. Ndani ni habari nyingine. Kutoka ukumbi wa mozaiki unaingia sebule ya katikati ambayo nuru yake inashuka kutoka juu, na hapo ndipo nilipopiga magoti. Sakafu yake ni kazi ya njumu: mbao za rangi na jamii mbalimbali, kahawia, nyekundu, nyeusi, za manjano, zimekatwa vipande na kupachikwa ubavu kwa ubavu hadi zikawa nyota, pembe na mikanda inayofuatana. Chumba cha mviringo kilicho jirani nayo kina sakafu ya jinsi hiyo, na juu yake kuba. Ninawajua mafundi wa Lamu wanaotia njumu kwenye viti vya enzi na masanduku. Najua inavyochukua muda kuufanya mwungano mmoja ukae bila nafasi ya kupita ukucha. Kuifanya kazi hiyo sakafuni, katika nchi ambayo hewa yake ina unyevu mwaka mzima na ndani kunawashwa moto, ni kujitakia vita. Mbao huvimba na kusinyaa. Kila jamii ya mbao huvimba kwa kadiri yake. Kipande cha mninga na kipande cha mpingo vikiwekwa pamoja havitakubaliana milele, na fundi hana la kufanya ila kukata kwa makini, kuchagua mbao zilizokauka sawasawa, na kuiombea nyumba isipatwe na maji.

Nyumba hii ilipatwa na maji.

Kati ya 1920 na 1923, wakati wa vita vya uhuru na vile vya wenyewe kwa wenyewe, karibu majumba 300 ya mabwana wa ardhi yalichomwa moto katika Ireland. Ardhi zao zilikuwa tayari zinagawanywa na kurudishwa kwa wapangaji waliokuwa wakizilima, na familia nyingi hazikuwa tena na fedha za kutengeneza hata paa. Ballyfin ilinusurika moto. Ukoo wa Coote uliondoka katika miaka hiyo ya 1920, na nyumba ikanunuliwa na mabruda wa Patrician, wakaifanya shule.

Niliposoma jina hilo nilimwita dada aje atazame. Mabruda hawa ni shirika la Kiayalandi lililoanzishwa Tullow, kaunti jirani ya Carlow, mwaka 1808, na ndio hao hao walioanzisha Shule ya Upili ya St Patrick's, Iten, pale juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Bruda Colm O'Connell alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia, akaishia kuwa kocha wa mbio ambaye dunia nzima inamjua. Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1988, alitoka shule hiyo. David Rudisha alinolewa na bruda huyo huyo. Pale shuleni mabingwa wamepandiwa miti yenye majina yao. Binamu yetu alisoma Iten. Nilimwandikia usiku ule ule, akajibu kwa kuuliza kama uwanja wa michezo wa Ballyfin bado upo.

Nasema haya kwa sababu ukitazama picha za Ballyfin katika magazeti ya mapambo ya nyumba utaona historia ikikimbia kutoka 1826, nyumba ilipokamilika, hadi 2011, ilipofunguliwa kuwa hoteli, kwa hatua moja. Katikati kuna miaka zaidi ya 70 ya wavulana wa mashambani waliojifunza hesabu chini ya dari za jasi zilizochongwa kwa ajili ya baroneti. Hao ndio waliokaa humu. Wenye nyumba wa asili walikaa kama miaka 100, nao walikuwa familia moja. Wanafunzi walikuwa maelfu ya familia. Na mabruda, kwa fedha kidogo ya shule, waliiweka nyumba yenye sakafu za njumu ikasimama wima wakati majumba mengine ya fahari yalikuwa yakibomolewa ili mawe na risasi ya paa viuzwe. Sijui kama kuna shukrani inayotosha kwa kazi ya namna hiyo.

Lakini nyumba ilikuwa inawashinda. Hali iliyokutwa mwaka 2002, shamba lilipouzwa kwa Fred Krehbiel na mkewe Kay, ilikuwa ya kutisha: jiwe la nje linamomonyoka, dari zimeanguka mahali pengine, nyumba ya vioo imekuwa gofu. Majumba ya wakati ule yana ugonjwa mmoja mkubwa. Mifereji ya maji ya mvua imefichwa nyuma ya ukingo wa paa ili mtu wa chini asiione, na imetandikwa risasi. Risasi ikipasuka au jani likiziba, maji hayamwagiki nje yakaonekana. Yanaingia ndani ya ukuta, yanashuka kimya hadi kwenye ncha za boriti. Hapo huota kuvu anayekula mbao, mwenye nyuzi nyembamba zinazoweza kupita ndani ya lipu na kati ya matofali zikitafuta boriti nyingine. Siku unapomwona sebuleni amekwisha kula chumba cha pili. Sisi wa pwani tuna mchwa, na mchwa angalau anaacha njia ya udongo ukutani.

Krehbiel alikuwa tajiri wa Chicago. Kampuni ya familia yake, Molex, ilitengeneza viunganishi vya umeme na ilikuwa na kiwanda Shannon, magharibi mwa Ireland, tangu 1971. Kay ni mzaliwa wa Ireland. Walikuwa wakitafuta nyumba ya kuokoa. Wakampa usimamizi Jim Reynolds, mbunifu wa bustani, na kazi ya mapambo ya ndani wakaifanya pamoja na Colin Orchard kutoka London. Ukarabati ulichukua miaka 9, mingi kuliko ile iliyotumika kuijenga. Hoteli ilifunguliwa Mei 2011 ikiwa na vyumba vichache tu. Krehbiel alifariki mwaka 2021.

Miaka 9 inawashangaza watu. Mimi hainishangazi. Nyumba ya zamani haikubali kuharakishwa kwa sababu vitu vyake haviharakishwi. Lipu ya chokaa inapakwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka lazima livute hewa likauke kabla ya linalofuata. Huko kwetu nimeona nyumba ngapi za mawe ya matumbawe zikipakwa saruji kwa kuwa saruji hukauka upesi na mteja anangoja msimu wa watalii! Saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi yake, unakosa pa kutokea, unakaa ndani ya ukuta na kuula, na baada ya miaka michache lipu inadondoka kwa mabamba ikiwa imeng'oa jiwe pamoja nayo. Chokaa ya Laois na chokaa ya Lamu ni ndugu, na mafundi wanaoijua wanazidi kupungua huku na kule. Kazi kama ya Ballyfin, pamoja na mengine yote, ni shule ya mafundi: kwa miaka 9 walikuwepo watu waliolipwa kujifunza upya kuchonga jasi, kupaka dhahabu, kukata njumu, kusimika jiwe. Ningeipenda hoteli hii kwa hilo peke yake.

Nguzo za ndani ni mahali pa kukaa kidogo. Ukizitazama utaapa ni marumaru, na nyingi si marumaru. Ni skaliola, ufundi wa Kiitaliano ambao majumba ya Ireland yaliupenda sana. Fundi huchukua jasi laini, akaichanganya na gundi ya wanyama na rangi za udongo, akaikanda kama unga wa chapati. Hufanya madonge ya rangi tofauti, akayabana pamoja, akayakata vipande vyembamba vyenye mishipa ya rangi ndani yake, akavitandaza juu ya nguzo. Ikikauka inasuguliwa kwa mawe, kutoka la kukwaruza hadi la kulainisha, kisha inapakwa mafuta mpaka ing'ae. Jicho linadanganyika. Kiganja hakidanganyiki: marumaru ya kweli inanyonya joto la mkono, skaliola haiko baridi kiasi hicho. Nilimshika dada mkono nikamwekea kiganja kwenye nguzo, kisha kwenye jiwe la meko ya ukutani. Akacheka kama mtoto, akarudia mara kadhaa, mpaka bibi mmoja Mmarekani akaja naye kujaribu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi. Mtu akikabidhiwa nyumba kama hii, anairudisha mwaka gani?

Wazungu wamelibishania swali hilo tangu karne ya 19. Mfaransa Viollet-le-Duc, aliyekarabati Notre-Dame ya Paris, aliona kwamba kukarabati jengo ni kulikamilisha, hata kulifikisha kwenye hali ambayo pengine halikuwahi kuwa nayo. Mwingereza William Morris aliona huo ni uharibifu, na mwaka 1877 akaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale kwa msimamo kwamba kila kizazi kilichogusa jengo kina haki yake ukutani, na kazi ya anayekuja nyuma ni kuzuia lisianguke, asijifanye yeye ni fundi wa zamani. Mbuni wa hoteli amekaa katikati ya hao wawili na mteja amesimama mgongoni kwake.

Ballyfin wamechagua miaka ya 1820, tena si 1820 ya hati za ghalani. Vyombo vya Coote vilikwisha kutawanyika zamani. Picha za ukoo zinazotazama ngazi zinakumbusha nyumba ilikuwa ya nani, lakini sehemu kubwa ya viti, meza, vioo na thurea ni vitu vya kale vilivyokusanywa mmoja mmoja, minadani na kwa wauzaji wa vitu vya kale, na watu wenye jicho na fedha. Kwa hiyo chumba cha dhahabu kinachometameta mbele yako hakikuwahi kuwa hivyo hivyo siku yoyote ya maisha ya baroneti. Ni chumba ambacho angeweza kuwa nacho. Kwa Viollet-le-Duc hiyo ni haki kabisa.

Nami nilipokaa ndani yake, nikiwa na kikombe cha chai, nilikubali kwa sehemu kubwa. Chumba kilikuwa na utulivu wa vitu vilivyozoeana. Zulia limefifia kiasi. Pazia lina bitana nzito, linaanguka kwa uzito wake lenyewe, na rangi ya ukuta imechaguliwa kwa ajili ya nuru ya Ireland ambayo ni kijivu na ya ubavuni, si kwa ajili ya kamera. Hili watu wengi hawalijui: rangi iliyo nzuri Malindi saa sita mchana, Laois inakuwa kama ugonjwa. Orchard alizijua nuru zake. Na hakuna kilichopangwa ili kikae kama kwenye jumba la makumbusho; kila kiti kinakalika, na kila taa iko pale mtu anapotaka kusoma.

Mahali ambapo mbuni hana mwaka wa kurudia ni bafuni. Nyumba ya 1826 haikuwa na bafu za maji ya bomba. Ilikuwa na mtumishi na ndoo. Vivyo hivyo umeme, joto la kuta, na njia za kuokolea watu moto ukitokea. Hapo ndipo kazi ya siri inapofanyika: bomba lipite wapi bila kuvunja dari ya jasi iliyo chini, waya ushuke wapi, mlango mzito wa kuzuia moto ufanane vipi na mlango wa zamani. Bafu yetu ilikuwa na marumaru na dirisha lenye kutazama miti, na nilitumia muda mwingi kutafuta mahali mabomba yalipopita. Sikupaona. Fundi aliyeificha kazi yake vizuri hivyo hapigwi picha na gazeti lolote.

Maktaba inakamata upande mzima wa nyumba, urefu wa mita 24 hivi, na nguzo zinaigawa bila kuikata. Wageni hukaa humo kutwa nzima kama walio nyumbani kwao. Katika kabati moja la vitabu kuna mlango wa siri. Unauvuta ukuta wa vitabu, unatokea kwenye nyumba ya vioo. Hiyo ni kazi ya katikati ya karne ya 19, ya Richard Turner wa Dublin, yule fundi chuma aliyejenga nyumba ya minazi na mitende ya bustani ya Kew, London, kati ya 1844 na 1848. Turner aliweza kukipinda chuma mpaka kikawa na ulaini wa jani. Nyumba yake ya Ballyfin ilikuwa imekula kutu na kufa. Imesimamishwa tena, chuma kwa chuma, kioo kwa kioo. Mvua ilikuwa ikinyesha tulipoingia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Ireland nilifurahi kwamba inanyesha.

Jioni kuna chumba cha mavazi. Wageni wanaruhusiwa kuvaa nguo za enzi zile, gauni za hariri na makoti ya wanaume yenye vifungo vya dhahabu, wakaenda nazo mezani. Dada alizipitia zote kwa mkono, akasifu mishono, kisha akazirudisha. "Nguo za wenye nyumba hizi hapa," akaniambia kwa sauti ndogo. "Mama yetu angepewa ipi?" Mama alikuwa akifua nguo katika hoteli moja ya Malindi. Dada akala chakula cha jioni katika dera lake la buluu, na hakuna aliyependeza zaidi yake mezani pale.

Swali lake halikuniacha. Nina nyumba Lamu ninayoishughulikia sasa, ya mzee mmoja, ambayo chumba chake cha chini kilikuwa chuo cha Kurani kwa miaka mingi. Kwenye chokaa ya ukuta, usawa wa mtoto aliyekaa chini, watoto wamekwaruza herufi kwa misumari na vijiti: alifu, be, te, majina, jahazi moja lenye tanga. Mzee anataka ukuta usuguliwe uwe laini na utiwe safu ya vidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa kuwa wageni wanavipenda. Vidaka havikuwahi kuwepo chumba hicho. Viko ghorofani, katika chumba cha ndani, vinapostahili kuwa. Ballyfin ilinipa hoja za pande zote mbili na kunikatalia njia rahisi. Kwa uzuri wake ilinionyesha kwamba chumba kilichobuniwa kwa ujuzi kinaweza kuwa na ukweli wake. Kwa habari za wavulana wa mabruda ilinikumbusha ni rahisi kiasi gani miaka 70 kugeuka kuwa rangi iliyobanduliwa.

Asubuhi, kabla ya kurudi Portlaoise, tulikwenda Emo. Nyumba ya Emo Court iko kaunti hiyo hiyo ya Laois, na ilisanifiwa na James Gandon, aliyesanifu jumba la forodha la Dublin. Nayo ilikuwa ya mabwana wa ardhi, nayo ikachukuliwa na watawa: Wajesuiti waliingia mwaka 1930. Padri Frank Browne, yule aliyepanda Titanic kutoka Southampton hadi Ireland na kuacha picha za mwisho mwisho za maisha ndani ya meli hiyo, aliishi Emo kwa miaka mingi. Mwaka 1969 nyumba ilinunuliwa na mtu binafsi, akaitengeneza kwa fedha yake, na mwaka 1994 akaikabidhi kwa taifa. Bustani haina kiingilio. Tuliwakuta watoto wa Portlaoise wakiendesha baiskeli chini ya miti mikubwa ya sekwoya, na wazee wawili wamekaa na chupa ya chai.

Emo haina ulaini wa Ballyfin. Vyumba vingine viko nusu, vitu ni vichache, unatembea nyuma ya kamba. Hata hivyo chini ya kuba lake nilipata nafasi ya kuwaza kwamba hawa watu wa Laois, kizazi cha wale walionyang'anywa mwaka 1556, leo wana nyumba mbili za namna hii mlangoni mwao. Moja imeokolewa kikamilifu na hawaingii. Nyingine imeokolewa kwa sehemu na ni yao. Ningependa kuwaambia waliosimamia Ballyfin, kwa heshima yote ninayowapa mafundi wao, wafungue siku chache kila mwaka kwa waliosoma pale na watoto wao, wavuke mlango ule wa kabati la vitabu. Sakafu ile imekwisha kustahimili viatu vyao.

Nilimpigia yule mzee wa Lamu nikiwa bado Emo, kwenye benchi, dada akiwa amekwenda kutafuta kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baridi huko?"

Nikamweleza kuhusu ukuta. Nikapendekeza uachwe kama ulivyo, chokaa yake iimarishwe tu, vitanda vihamishiwe chumba cha pili, na pale pawe mahali pa kunywea kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wageni hawalipi kutazama mikwaruzo ya watoto watundu. Nikamuuliza kama yeye alisoma chuo hicho. Akanyamaza kidogo, akasema ndiyo, lakini jahazi hakulichora yeye, lilichorwa na kaka yake. Hatukukubaliana. Tulichokubaliana ni kwamba fundi wa chokaa aje aupime unyevu baada ya masika, na hadi wakati huo hakuna atakayeugusa ukuta kwa msasa.